Rejesho limeanza kukushinda? Fanya haya kabla mkopo haujafika siku 90

Wakuu habari zenu. Nimekaa dawati la mikopo benki miaka kumi na moja hapa Tanzania, na karibu nusu ya miaka hiyo nilikuwa kwenye ufuatiliaji, yaani wale wanaokupigia simu asubuhi hata duka hujafungua. Kazi hiyo nilishaacha, sasa nina biashara yangu na mkopo wangu mwenyewe unaonisumbua kila tarehe 5 kama nyie, kwa hiyo haya nayaandika kutoka pande zote mbili za meza. Kitu kimoja kinaniuma mpaka leo, watu wengi niliowaona wakipoteza nyumba biashara zao zilikuwa bado zinapumua, ila walikuja benki wakati aliyekaa mbele yao hana tena mamlaka ya kuwasaidia.

Sasa elewa kwanza benki inahesabu nini. Inahesabu siku. Kila asubuhi mfumo unatoa ripoti ya waliochelewa, jina, salio, na safu moja ya siku, na meneja macho yake yanaenda kwenye ile safu ya siku kabla hata hajasoma jina. Rejesho lako ni tarehe 5, tarehe 6 akaunti haina kitu, basi wewe ni siku 1. Mpaka siku 30 uko mikononi mwa afisa wako wa tawini, yule yule aliyekuja kuhesabu mzigo dukani na kupiga picha, anayejua kwamba mwezi wa pili biashara yako huwa inalala. Ukipita siku 30 mambo yanabadilika, kwa sababu kanuni za kihasibu za IFRS 9 zilizoanza Januari 2018 zinaichukulia hatari yako kuwa imepanda sana, na benki inatakiwa itenge akiba ya hasara kwa muda wote uliobaki wa mkopo badala ya miezi 12 tu kama mwanzo, na hiyo akiba inakatwa kwenye faida. Ukipita siku 90 ndo unaitwa mkopo chechefu. BoT, yaani Benki Kuu, inataka mikopo chechefu isizidi asilimia 5 ya mikopo yote, na mwaka 2017 wastani wa mabenki yetu ulipita asilimia 10, sisi tuliokuwa ndani tunaikumbuka ile presha, vikao vya mikopo chechefu kila wiki, na faili likishafika siku 90 linaondoka tawini linaenda makao makuu kwa kitengo cha urejeshaji na wanasheria, watu ambao duka lako hawajawahi kuliona hata kwa picha.

Kwa hiyo ukiona rejesho lijalo halitatimia, nenda kabla halijapita. Najua ni aibu, najua afisa mwenyewe mnasali naye msikiti mmoja au watoto wenu wanasoma shule moja, nenda hivyo hivyo. Ukija siku ya 10 afisa anaweza kukuandikia maombi ya kurekebisha mkopo na yakapita. Ukija siku ya 120 mkopo ukirekebishwa bado utabaki kwenye kapu la chechefu mpaka uonyeshe unalipa vizuri kwa muda, kwa hiyo benki haioni inapata nini kwa haraka na moyo wa kukusaidia unapungua.

Kitu ambacho karibu hakuna mteja anakijua: siku zinahesabiwa kuanzia rejesho la zamani zaidi ambalo halijalipwa lote. Tuseme umeruka tarehe 5 Januari, 5 Februari na 5 Machi, leo ni tarehe 20 Machi mwaka wa kawaida, wewe uko siku 74, zimebaki kama wiki mbili uwe chechefu. Ukipata hela ya rejesho moja tu ukalimaliza lile la Januari pamoja na penati yake, saa inarudi kuhesabu kuanzia Februari, unakuwa siku 43. Lakini ukipeleka nusu, saa haisogei hata kidogo, na mara nyingi ile nusu inaliwa na penati kwanza, afu riba, afu ndo mtaji, yaani ile hela yenyewe uliyokopa, hela imeondoka mfukoni na ripoti ya kesho asubuhi inasoma siku 75. Nimeona watu wakipeleka elfu hamsini hamsini kwa uaminifu kabisa wanadhani wanajitetea, hamna aliyewaambia. Kwa hiyo muulize afisa swali hili hili, "nikilipa shilingi ngapi leo rejesho la zamani linafungwa lote?" afu lipa kiasi hicho, sio pungufu. Na hela usimpe afisa mkononi hata kama ni ndugu yako, weka kwenye akaunti ya mkopo, risiti itunze.

Kabla ya kwenda kuongea, omba stetimenti ya mkopo na ratiba ya marejesho, kaa nazo usiku na kikokotoo. Angalia riba yako ni ya flati, yaani inapigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho, au inayopungua na salio, maana kwa asilimia ile ile tofauti ni kubwa sana. Milioni 12 kwa miezi 12 kwa asilimia 18 kwa mwaka, ukipigiwa flati riba ni 2,160,000 na rejesho 1,180,000 kwa mwezi, ukipigiwa inayopungua rejesho ni kama 1,100,000 na riba yote kama 1,202,000. Angalia pia penati inapigwa juu ya rejesho lililochelewa au juu ya salio lote, ukikuta inapigwa juu ya salio lote rudi kwenye mkataba usome kama ndivyo ulivyosaini, na kama sivyo lalamika kwa maandishi, benki isipokujibu vizuri BoT wana dawati la malalamiko ya wateja wa huduma za fedha.

Sasa barua. Andika barua, maneno ya mdomo yanaishia kwenye kiti. Nilishawahi kupokea barua kutoka kwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, aliandika mume wake amelazwa tangu mwezi uliopita, mauzo ya nyuma yalikuwa kiasi gani kwa wiki na sasa ni kiasi gani, saruji iliyopo dukani ni mifuko mingapi na mabati mangapi, anadaiwa na nani na nani anamdai yeye, na mwisho akaandika kiasi anachoweza kulipa kila mwezi bila kuruka. Hakuandika "naomba mnisaidie kwa namna yoyote". Ile barua niliipeleka kwenye kamati ya mikopo karibu kama ilivyo, kwa sababu ilikuwa imenifanyia kazi yangu yote, kamati inataka kujua vitu vitatu tu, nini kimetokea, je ni cha kupita, na hela ya kulipa itatoka wapi. Ukiweza ambatisha risiti za EFD za miezi mitatu minne, miamala ya simu, na cheti cha hospitali kama ni ugonjwa.

Uombe nini? Omba kitu kinacholingana na tatizo lako. Kama mauzo yameshuka nusu na yatakaa hivyo, omba kuongezewa muda. Chukua ule ule mkopo wa milioni 12 wa riba inayopungua, umelipa miezi sita vizuri, salio ni kama 6,268,000. Ukiongezewa muda ili salio hilo lilipwe kwa miezi 12 badala ya 6 iliyobaki, rejesho linashuka kutoka 1,100,000 mpaka kama 575,000, na riba ya ziada utakayolipa kwa huo muda wote ni kama laki tatu hivi, bila kuweka ada za benki. Laki tatu kwa ajili ya kulinda nyumba na jina, mimi ningechukua bila kufikiri mara mbili. Kama tatizo ni la muda mfupi, labda mzigo umekwama bandarini au unasubiri kuvuna, omba miezi miwili mitatu ya kulipa riba tu mtaji usimame. Kama una hela kidogo ila penati zimerundikana, omba penati zifutwe ukilipa kiasi fulani siku hiyo hiyo, hili mabenki wanalikubali kuliko watu wanavyodhani kwa sababu penati ni hela ambayo hawakuitoa mfukoni. Usikubali tu topu apu, yaani kuongezewa mkopo juu ya mkopo ili ulipe marejesho yaliyopita, wakati biashara yenyewe haijapona. Inasafisha ripoti ya tawi mwezi huo afu baada ya miezi mitatu unarudi pale pale na deni kubwa zaidi.

Na nawaomba, nawaomba sana, msikimbilie kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kulipa benki. Unatoka kwenye riba ya mwaka unaingia kwenye riba ya wiki, na mwisho wake unadaiwa na wote wawili. Usizime simu pia, mteja asiyepatikana hewani faili lake linaandikwa "hana ushirikiano" na hilo neno likishaandikwa linamfuata kila kikao. Usihamishe dhamana kimya kimya, gari au mashine uliyoweka rehani ukiiuza kwa siri unageuza deni kuwa kesi nyingine kabisa. Na jua kwamba kama una akaunti nyingine benki hiyo hiyo, mikataba mingi inawapa ruhusa kuchukua hela humo kufidia deni, kwa hiyo ada ya shule ya mtoto usiiweke hapo ukashangaa.

Mdhamini wako mwambie mapema. Sheria yetu ya mikataba inamfanya mdhamini adaiwe sawa na mkopaji isipokuwa mkataba useme vingine, na hakuna kitu kinachovunja undugu kama kaka yako kujua kwa barua ya wakili kwamba wewe hujalipa miezi minne.

Ikishafika notisi. Kwa rehani ya ardhi au nyumba Sheria ya Ardhi inataka benki ikupe notisi ya maandishi ya siku 60 kwanza kabla ya kuchukua hatua ya kuuza. Hizo siku 60 ni dirisha, usizitumie kulia. Ikifika kwa dalali lazima kuwe na tangazo la mnada siku 14 kabla. Kama ni nyumba ya familia, mwenzi wako alitakiwa aridhie rehani tangu mwanzo, kama hakuridhia kweli kabisa muone wakili, ila kama alisaini msije mkatengeneza kesi ya uongo, nimeziona zikigharimu watu kuliko deni lenyewe. Kitu cha maana zaidi kwenye siku hizi 60 ni kuomba ruhusa ya kuuza mwenyewe. Iandikie benki kwamba unatafuta mnunuzi, mnunuzi alipe moja kwa moja benki, chenji ibaki kwako. Nyumba inayouzwa na mwenyewe kwa utulivu na nyumba inayouzwa na dalali mwenye kipaza sauti juani hazipati bei moja, na gharama za dalali zinaongezwa kwenye deni lako. Benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri, na bei ikiwa chini kwa asilimia 25 au zaidi ukilinganisha na mali zinazofanana, unaweza kwenda mahakamani kupinga mauzo, ila kesi ni ndefu na mnunuzi aliyenunua kwa nia njema sheria inamlinda.

Wengine mnasikia benki "imefuta" mkopo wa fulani mnadhani kasamehewa. Hapana. Wameutoa kwenye vitabu vyao, deni lipo pale pale, wataendelea kukudai na taarifa zako zinabaki kwenye mfumo wa taarifa za mikopo ambao benki nyingine inauangalia kabla haijakupa hata shilingi.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hazijui, mikopo mingi ina bima ya maisha ya mkopaji, ulikatwa hela yake siku unachukua mkopo. Mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, peleka taarifa benki haraka na cheti cha kifo au ripoti ya daktari, bima inaweza kulipa salio lote. Nimewahi kukuta wajane wanahangaika kulipa deni ambalo bima ilikuwa inatakiwa ilimalize, kwa sababu hakuna aliyefungua mkataba. Waonyeshe watu wa nyumbani mkataba wako unapokaa.

Ukimaliza deni usiondoke na furaha tu. Dai barua ya kumaliza mkopo, hati yako au kadi ya gari, na nyaraka ya kuondoa rehani, afu hiyo nyaraka uipeleke mwenyewe kwa msajili wa hati, na kama ni kampuni hakikisha rehani imefutwa BRELA pia, kwa msajili wa makampuni. Baada ya mwezi mmoja au miwili omba ripoti yako ya mikopo uone salio linasoma sifuri, likisoma vingine rudi tawini na ile barua mkononi, usisubiri mpaka siku unataka mkopo mwingine.