Namna ya kuliingiza jina lako kwenye karatasi ya shamba, kabla mambo hayajaharibika

Shangazi yangu wa Muheza alikuwa na karatasi ya shamba lake la michungwa, ukurasa wa daftari umekunjwa mara nne, kaitia kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka chini ya godoro miaka na miaka. Mumewe alipofariki tukaifungua. Mnunuzi ni jina la mume. Kule chini kabisa kwenye mashahidi ndo jina lake yeye, na dole gumba lake la wino. Nusu ya hela ya kununulia ilikuwa ya mchezo wake, ule wa kuchangishana hela na kupokezana, na ya mikeka aliyosuka, mtaa mzima unajua, ila kwenye karatasi yeye ni shahidi wa shamba lake mwenyewe. Shemeji zake walikuja hata arobaini haijasomwa, na walichoshika mkononi ni hiyo hiyo karatasi.

Kwa hiyo dada zangu wa Tanga, nawaandikia hili kwa uchungu kabisa.

Ukiambiwa mila hairuhusu, uliza mila ipi. Hapa hapa kwetu Wazigua wanafuata ukoo wa mama, Wadigo zamani mtoto alikuwa anarithi kwa mjomba, Washambaa ndo wanaofuata baba, sasa hiyo mila moja ya kumnyima mwanamke imetoka wapi? Sisemi zamani kulikuwa na usawa, maana hata kwenye ukoo wa mama msemaji wa ardhi mara nyingi alikuwa mjomba na sio mama mwenyewe, ila mwanamke alikuwa na sehemu yake ya kulima na ukoo unaijua. Siku hizi shamba linauzwa na mtu yeyote mwenye jina lake pale juu. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ile Namba 5, inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi haina nguvu. Hata kabla ya hapo, 1990, Mahakama Kuu iliamua kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, mpwa wake akapinga eti mwanamke hauzi, na mahakama ikasema anauza sawa na mwanaume.

Sasa kama mnanunua leo, simama pale wakati karatasi inaandikwa. Usiende kupika chai ya wageni, chai itasubiri. Sema kwa sauti, andikeni majina yote mawili kwenye wanunuzi, halafu usome mwenyewe au mwanao akusomee kabla hujaweka saini. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wawepo, na majirani wa mipaka.

Karatasi ya mauziano peke yake haitoshi lakini. Kama shamba liko kijijini, ombeni hatimiliki ya kimila kwenye halmashauri ya kijiji. Watakuja kupima na kuhakiki mipaka mbele ya majirani, na siku hiyo uwepo shambani, maana kinachoandikwa pale ndo kinaenda kwenye hati. Uliza pia hati inaandikwaje: mkiandikwa wamiliki wa pamoja, mmoja akifa anayebaki ndo anabaki na lote, mkiandikwa kwa hisa, hisa ya marehemu inaingia kwenye mirathi. Watu wengi wanasaini hawajui tofauti hiyo na ndo inayokuja kuwatoa machozi. Ukiwa mjini na kiwanja kimepimwa, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na uulize jambo hilo hilo.

Na kama tayari kimeandikwa jina la mume? Usikate tamaa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa yako, na unaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Kazi ya nyumbani nayo ni mchango, Mahakama ya Rufani ilishasema hivo 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwa hiyo kulea na kupika kunahesabika mkiachana. Ila weka ushahidi: daftari la mchezo, risiti za mabati, meseji za kutuma hela, vyote vinasaidia.

Kwa sisi Waislamu, na Tanga tuko wengi, mke mwenye watoto anapata thumuni ya mirathi, yaani sehemu moja ya nane, na binti nusu ya kaka yake. Hapo kuna njia watu wanaisahau, hiba. Baba akitaka binti yake awe na kipande, ampe akiwa hai na mzima, mbele ya mashahidi, na binti akishike kabisa, alime, avune, sio maneno ya barazani tu.

Mume akifariki, msimamizi wa mirathi anateuliwa na mahakama, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo. Hudhuria kikao cha familia, usisaini muhtasari ambao hujausoma, na kumbuka msimamizi hajapewa mali, amepewa kazi ya kuigawa. Wewe mwenyewe unaweza kupendekezwa.

Mgogoro ukitokea kijijini, anza baraza la ardhi la kijiji, lina watu 7 na wanawake wasipungue 3. Baraza la kata sasa linasuluhisha tu, haliamui, wakishindwa hapo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tafuta msaidizi wa kisheria, wapo wa bure.

Shangazi alipata sehemu yake mwishoni baada ya mashahidi wa mchezo kuja kusema. Hati mpya ina jina lake juu. Nakala moja iko kwangu, moja kwa binti yake, na picha iko kwenye simu za wote watatu.