Samaki wanakufa kwenye tangi jipya? Hesabu siku kwanza

Maji yanang'aa, chujio linavuma, lakini kati ya samaki watano ulionunua Jumamosi, kufikia Alhamisi wamebaki wawili. Wengi hapo hukimbilia dawa. Dawa iache kwanza. Jiulize wamekufa siku ya ngapi tangu waingie, kwa sababu kwenye tangi jipya kila muuaji ana siku zake.

Tuseme tangi lako ni la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Hilo huchukua lita 54 likijaa pomoni, lakini ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, unabaki na kama lita 45. Vipimo vya hapa vinafuata lita hizo.

Wamekufa ndani ya siku mbili

Shuku maji yenyewe, tangi lenyewe, au namna walivyoingizwa.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini huunguza matamvua. Samaki hupanda juu na kuhema kwa nguvu, wengine hurukaruka ovyo. Maji yakae saa 24 hadi 48 kabla ya kutumiwa. Kosa la kawaida ni kuyaacha kwenye mtungi wa lita 20 wenye mdomo mwembamba: klorini haina pa kutokea. Tumia beseni au ndoo pana isiyofunikwa na utie jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu ya pampu. Kama una dawa ya kuondoa klorini, fuata kipimo cha kwenye chupa, nayo hufanya kazi kwa dakika chache tu. Mvua ikichafua mto, dawa inayotiwa majini huweza kuongezwa, kwa hiyo maji yaliyofaa Januari yanaweza kuua Aprili.

Maji ya mvua hayana klorini, ila mabati mapya huacha zinki, na zinki ni sumu kwa samaki.

Kama tangi lilitengenezwa na fundi wa vioo, uliza alitumia silikoni gani, yaani gundi ya kuungia vioo. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu haifai kabisa. Hata iliyo sahihi inahitaji kukauka wiki moja, kisha ujaze maji, uyamwage, ujaze tena. Kama harufu kama ya siki bado ipo, subiri. Na tangi likioshwa kwa sabuni ya unga, mabaki hubaki kwenye pembe. Suuza kwa maji na chumvi tu.

Kuingiza samaki nako kuna utaratibu. Mfuko uelee juu ya maji dakika 20, halafu ongeza kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano, mara nne au tano. Watoe kwa kijiwavu. Maji ya mfuko usiyamwage ndani.

Siku ya tatu hadi ya kumi

Hapa ndipo wengi hufa, na muuaji ni amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua, na mavi na chakula kilichooza huiongeza. Kwenye tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sifongo na mchanga huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huchukua wiki nne hadi sita kujaa. Wakati huo maji huwa meupe kama ya chupa, nayo ni sumu. Macho hayawezi kukuambia. Nunua kipimo cha matone cha kupimia amonia na nitriti.

Dalili zake ni matamvua mekundu sana, mapezi kukunjwa, na samaki kulala chini bila kujali chakula.

Wakazi wa Nakuru wana mzigo wa ziada. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana magadi, na amonia huwa kali zaidi pH (kipimo cha uchachu au ugadi wa maji) ikipanda. Kwa joto la nyuzi 25, kwenye pH 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, na kwenye pH 9 inapita 30. Kwa hiyo kipimo kilekile cha matone kinachomwacha samaki wa jirani mzima kinaweza kummaliza wako. Pia kagua mawe na makombe ya baharini ulivyopamba navyo: dondoshea siki, na kikitoa mapovu, kitoe, kinapandisha pH.

Amonia ikifika miligramu 0.25 kwa lita au zaidi, fanya hivi:

1. Toa theluthi moja ya maji, yaani kama lita 15, uweke mengine yaliyokaa, yenye joto lilelile. Rudia kila siku mpaka kipimo kishuke. Hali ikiwa mbaya sana, toa nusu.
2. Usilishe siku mbili au tatu. Hawatakufa njaa. Ukirudi kulisha, wape wanachokimaliza kwa dakika mbili, mara moja kwa siku.
3. Usioshe chujio chini ya bomba. Klorini itaua bakteria wachache ulionao. Kama limeziba, kamulia sifongo kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini.
4. Omba kipande cha sifongo kilichotumika kutoka kwa mwenye tangi la zamani ambalo samaki wake ni wazima. Kibebe kikiwa kimelowa na kiweke ndani ya chujio lako siku hiyohiyo. Kwa maoni yetu, hakuna chupa ya dukani inayoshinda hicho kipande.

Kumwaga maji yote na kuanza upya, jambo ambalo hofu humtuma mtu kufanya, hurudisha hesabu nyuma na kuwapa samaki mshtuko mwingine.

Wiki ya pili hadi ya nne

Amonia imeshuka, unapumua, kisha mmoja anakutwa anahema juu huku matamvua yamegeuka hudhurungi. Hiyo ni nitriti; inaizuia damu kubeba oksijeni. Badilisha maji vilevile, kisha yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kama gramu 6, kwa kila lita 40. Chumvi huzuia nitriti isiingie kwenye matamvua. Unapobadilisha maji, rudisha chumvi kwa kiasi ulichotoa tu.

Wote wamekufa usiku mmoja

Hapo usitafute ugonjwa. Kama stima zilipotea, oksijeni iliisha, hasa Kisumu ambako maji ya nyuzi 28 hushika hewa kidogo. Chota maji kwa kopo na uyamimine kutoka juu kila baada ya dakika kumi na tano, au weka pampu ya betri. Stima zikirudi baada ya saa nyingi, mwaga kwanza maji yaliyotuama ndani ya chujio lililofungwa, yameoza.

Kama stima hazikupotea, uliza nani alipuliza dawa ya mbu. Nyingi zina pairethroidi, ambazo ni sumu kali kwa samaki, na pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani moja kwa moja hadi majini. Zima pampu, funika tangi kwa plastiki, fungua madirisha, na usiiwashe mpaka harufu iishe.

Nakuru shida nyingine ni baridi. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na usiku wa Julai maji sebuleni yanaweza kushuka chini ya nyuzi 20, ilhali samaki wadogo kama gapi na plati wanataka 24 hadi 27. Kipasha maji cha wati 50 kinatosha lita 45. Kisumu mara nyingi hakihitajiki. Hakikisha tu jua la dirishani halipigi kioo.

Kuongeza samaki subiri mpaka amonia na nitriti zisome sufuri wiki nzima. Anza na wawili wadogo, pima tena baada ya siku tatu, na samaki wa dhahabu usimweke kwenye lita 45 hata akiwa mdogo kama kidole.