Mzazi Katika Uendeshaji wa Shule ya Msingi: Pa Kuanzia

Mzazi anayetaka kushiriki katika uendeshaji wa shule ya msingi anapaswa kwanza kuujua mpaka wa kazi yake. Mwalimu mkuu ndiye anayeendesha shule siku hadi siku: hupanga vipindi, husimamia walimu na kushughulikia nidhamu ya wanafunzi. Kamati ya shule, au bodi kwa kadiri sheria za nchi zinavyoiita, hujadili bajeti, hufuatilia matumizi na kuuliza iwapo yaliyoamuliwa yametekelezwa. Mzazi anayeingia darasani kumkaripia mwalimu mbele ya watoto hashiriki uongozi, bali anauvuruga. Na yule anayeunga mkono kila hoja bila kuisoma naye hajashiriki, hata kama hajawahi kukosa kikao.

Anza na karatasi kabla ya maneno. Wiki moja kabla ya kikao, mwombe katibu, ambaye mara nyingi huwa ni mwalimu mkuu mwenyewe, akupatie ajenda, muhtasari wa kikao kilichopita na taarifa ya mapato na matumizi. Unapoisoma taarifa ya fedha, usihangaike na jumla kuu. Chagua mstari mmoja tu na uufuate hadi mwisho wake. Ikiwa imeandikwa kwamba yamenunuliwa madawati 20, omba kuona hati ya malipo, risiti ya muuzaji, hati ya kupokelea mzigo na daftari la stoo, kisha nenda ukayahesabu madawati yenyewe. Tarehe zisizofuatana, au idadi iliyofutwa ikaandikwa upya juu yake, zinatosha kuzaa swali. Liulize kwa heshima, kama swali na si kama hukumu, kwa sababu huenda kosa ni la uandishi tu. Lakini usikubali kuambiwa kwamba daftari limesahaulika nyumbani vikao viwili mfululizo. Chunguza pia kama anayeidhinisha malipo ndiye huyo huyo anayepokea mali na kutunza daftari, maana hapo hakuna wa kumkagua mwenzake.

Hoja ya mzazi hupata uzito inapokuja na hesabu. Ukisema vyoo havitoshi, utajibiwa kwamba fedha hakuna, na mjadala utaishia hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu maji na usafi shuleni unapendekeza tundu moja la choo kwa kila wasichana 25, na kwa wavulana tundu moja pamoja na sehemu moja ya kukojolea kwa kila wavulana 50. Kwa kipimo hicho, shule yenye wasichana 300 inahitaji matundu 12. Ikiwa inayo matano, kila tundu linahudumia wasichana 60, na upungufu ni matundu saba. Sasa kikao kina jambo la kuamua: yajengwe mangapi mwaka huu, nani asimamie ujenzi, na taarifa iletwe lini.

Kuhusu michango, msimamo wangu ni kwamba iamuliwe katika mkutano mkuu wa wazazi, itolewe risiti, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa deni ambalo si lake. Mzazi asiye na fedha aruhusiwe kuchangia ujuzi wake, iwe ni useremala au ushonaji. Mjumbe ambaye yeye au ndugu yake anataka kuiuzia shule bidhaa atangaze jambo hilo na atoke nje wakati wa kuamua.

Kabla kikao hakijafungwa, mwombe katibu asome maazimio kwa sauti, kila azimio likiwa na jina la mtekelezaji na tarehe ya mwisho. Nakili yale yaliyokuhusu katika daftari lako, kwani ndiyo utakayoyauliza kikao kijacho, mara tu itakapofika ajenda ya yatokanayo na kikao kilichopita.