Somo: kupima gesi ya methani inayovuka kati ya bahari ya Aktiki na hewa

Wakuu, tutumie magharibi ya Svalbard, Norwei, maana 2008 watafiti walikuta viputo vya methani vinatoka sakafuni kule. Swali ni je, inafika hewani?

Hatua 1: Hewa. Siku hizi methani hewani ni kama chembe 1.9 kwa kila milioni. Mdomo wa mpira wa kunyonyea uwe mbele kabisa ya meli, la sivyo utapima moshi wa injini.

Hatua 2: Maji. Shusha chupa za Niskin (zinafungwa zikiwa kwenye kina unachotaka), zikirudi deki sampuli za gesi ndo zichotwe mwanzo, wanaopima chumvi wasubiri. Ingiza mpira mpaka chini ya chupa ya kioo, maji yajae taratibu, yamwagike mara mbili tatu ya ujazo wake, afu funga bila kiputo hata kimoja. Hapa ndo wengi wanaharibu, methani haipendi kukaa majini, ikikuta kahewa kadogo tu inahamia huko na maabara utapima kitu kingine kabisa. Weka kloridi ya zebaki kidogo kuua bakteria wanaokula methani (ni sumu, vaa glavu!).

Hatua 3: Maabara. Ingiza heliamu safi juu ya maji, tikisa, pima hiyo gesi kwenye kromatografu (mashine ya kutenganisha gesi na kupima kila moja).

Hatua 4: Hesabu. Toa kiwango cha maji yaliyolingana na hewa (methani ambayo maji yangekuwa nayo kama hakuna inayoingia wala kutoka) kwenye ulichopima, zidisha kwa kasi ya gesi kuvuka uso wa maji. Kasi inatokana na upepo: 0.251 mara upepo mara upepo (fomula ya mtafiti Wanninkhof, 2014; upepo kwa mita kwa sekunde, jibu kwa sm kwa saa), afu sahihisha kwa ubaridi, maana kwenye maji baridi gesi inavuka polepole. Upepo mita 8 kwa sekunde, maji nyuzi 0, baada ya kusahihisha unapata kama sm 9 kwa saa, yaani mita 2.16 kwa siku. Maji yana nanomoli 5.6 kwa lita, ya kulingana 3.6, tofauti 2 (nanomoli kwa lita ni sawa na mikromoli kwa mita ya ujazo). Zidisha 2 kwa 2.16. Jibu: mikromoli 4.3 kwa mita ya mraba kwa siku.

MASWALI

– Mkuu, ikitoka hasi nimekosea?
– Sio lazima, bahari inanyonya toka hewani.

– Na penye barafu?
– Wengi wanazidisha kwa sehemu ya maji iliyo wazi. Makadirio tu hayo.

– Sasa Svalbard inafika au haifiki?
– Kiangazi cha 2014 walipima kwa meli na ndege, chini imejaa, hewani hamna la maana. Maji mepesi ya juu yanakaa kama mfuniko, huku chini bakteria wanajilia.