Taa za gari hafifu? Pitia haya kwanza kabla hujanunua balbu

Mwaka juzi nilitoka Dar saa 12 jioni naenda Iringa, taa za gari nilikuwa nimezilalamikia miezi kadhaa, kwahiyo siku mbili kabla ya safari nikapita Kariakoo nikachukua balbu za LED za kuchomeka, zile muuzaji anakuwashia kwenye betri pale dukani mpaka unafumba macho, nikajua basi kazi imeisha. Aisee kuanzia Chalinze kila lori linalokuja linanipigia fuli (taa za mbali), nami nashangaa maana nimewasha dimu (taa za chini), na kibaya zaidi ule upande wa kushoto ambako watu wanatembea na baiskeli sioni kitu, mwanga wote uko kwenye matawi ya miti. Kuna mzee mmoja wa baiskeli na gunia lake la mkaa nilimuona akiwa ameshafika usawa wa bampa. Nikalala Morogoro bila kupanga, asubuhi nikarudisha balbu za zamani.

Tangu siku hiyo balbu kwangu inakuja mwisho. Magari yetu mengi yametumika Japani, yana miaka 15, 20, na yalipotoka kiwandani taa zilikuwa zinatosha kabisa, sasa jiulize huo mwanga unapotelea wapi.

Anza na kioo cha taa, ambacho kusema kweli sio kioo, ni plastiki ngumu iliyopakwa kinga ya jua, hiyo kinga ikiisha plastiki inakuwa ya njano kama chai ya maziwa. Kuna kipimo cha bure kabisa: osha taa vizuri, halafu imwagie maji uiangalie ikiwa bado imelowa. Ikionekana safi kwa hizo dakika chache ujue uchafu uko nje na utatoka. Ikibaki na ukungu hata ikiwa imelowa, tatizo liko ndani au reflekta (lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu) imechoka. Ya nje unaisugua na msasa wa maji, zungushia tepu kwenye rangi ya gari usije ukalia, anza namba 800 au 1000, nenda 1500, malizia 2000, maji mengi muda wote, halafu polishi. Hapo katikati taa itaonekana mbaya kuliko ulivyoanza, nyeupe kama imepakwa unga, usiogope. Wengi wanakosea mwishoni, hawapaki vanishi yenye kinga ya jua, baada ya miezi michache njano imerudi wanasema fundi kawaibia. Dawa ya meno nayo inang'arisha, ila ni ya wiki kadhaa tu, ni ya kumuonyesha mteja anayekuja kununua gari hahaha.

Reflekta ikiwa imeungua, ile rangi ya fedha imebanduka, usiifute na kitambaa maana utaimaliza, tafuta taa nyingine. Hapo kuna mtego. Sisi tunaendesha kushoto kama Wajapani, na dimu ya gari la kushoto inanyanyuka kidogo upande wa kushoto ili umulike pembeni ya barabara bila kumpiga machoni anayekuja. Ukiuziwa taa iliyotoka kwenye gari la Dubai au la Marekani, umbo ni lile lile na inaingia vizuri kabisa ila ule mnyanyuko uko kulia, yaani unamulika moja kwa moja usoni kwa dereva wa lori, na hakuna skrubu ya kurekebisha hilo.

Ukimaliza hapo nenda kwenye umeme, na hapa ndipo nilipoikuta shida ya gari langu. Injini ikinguruma na taa zikiwaka, pima betri kwa testa (kipima volti), inatakiwa icheze kwenye volti 13.8 hadi 14.4. Halafu pima nyuma ya soketi ya balbu, ikiwa imechomekwa na inawaka. Mimi kwenye betri nilipata 14.1, kwenye balbu 12.2. Volti karibu mbili zimeliwa na waya za zamani, swichi iliyochoka, na waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) ambao bolti yake ilikuwa na kutu kiasi kwamba fundi aliikwangua kwa kisu. Unaweza kusema volti mbili ni nini, lakini balbu ya halojeni (ile ya kawaida yenye waya unaowaka ndani) haipungui sawasawa na umeme, ukipunguza volti asilimia 10 mwanga unashuka karibu theluthi nzima. Tulisafisha ethi, tukaweka waya mnene kutoka betri na rilei mbili (swichi za umeme zinazobeba mzigo wa taa) na fyuzi yake karibu na betri, swichi ikabaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Balbu zile zile nilizokuwa nazitukana ziliwaka kama za gari jingine.

Sasa kuseti mwelekeo. Jaza upepo matairi, weka mtu kwenye siti ya dereva, na kama ndani kuna kile kinobu cha kuzungusha cha kushusha taa chenye namba, weka 0, wengine wanaendesha miaka hawajui kwamba mtoto alikizungusha mpaka mwisho. Tafuta sehemu tambarare yenye ukuta, jioni giza likianza. Sogeza gari karibu kabisa na ukuta, weka alama ya tepu mbele ya katikati ya kila balbu, halafu rudi nyuma kwa mstari ulionyooka mita 5. Washa dimu, ziba taa moja na boksi, ile mstari wa juu wa mwanga unatakiwa uwe sentimita 5 chini ya alama. Nyuma ya taa kuna skrubu mbili, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia, bisibisi ndefu ya nyota inatosha kwenye gari nyingi. Zungusha kidogo kidogo huku unahesabu mizunguko, ukipotea uweze kurudi.

Kwanini sentimita 5? Taa iliyo sentimita 65 kutoka chini, ikishuka sentimita moja kila mita, mwanga unagusa lami mita 65 mbele. Ikishushwa mara mbili ya hapo unaona mita 32 tu, na ukiwa spidi 80 unakula mita 22 kila sekunde, piga hesabu mwenyewe una sekunde ngapi punda akisimama katikati ya barabara. Na ukiipandisha juu ili uone mbali, unapofusha wenzako, nao wanakujibu kwa fuli, hakuna anayeona.

Baada ya yote hayo ndio balbu. Kama taa yako ni ya H4 (balbu moja yenye fuli na dimu ndani yake), ya kawaida ni wati 60 fuli na 55 dimu, inatoa kama lumeni (kipimo cha mwanga) 1,650 na 1,000, kwahiyo boksi lililoandikwa lumeni 20,000 ni hadithi ya sungura. Nunua halojeni ya kampuni inayoeleweka, mbili kwa pamoja maana za zamani zinafifia taratibu bila wewe kugundua. Ziachie zenye rangi ya bluu, ile rangi inakula mwanga. Zile za wati 100 kwa 90 zinavuta umeme mwingi kuliko waya wa kiwandani ulivyokusudiwa, soketi inayeyuka, nimeiona kwa macho. Usishike kioo cha halojeni kwa vidole, mafuta ya mkono yanaiua, ukishika futa kwa spiriti. LED kwenye reflekta ya halojeni, mimi sizitaki tena, reflekta imetengenezwa ikutane na waya mdogo uliopo sehemu yake kamili, ukihamisha milimita moja mbili tu mwanga unatawanyika, ila kama umeng'ang'ania basi vile vipande vinavyowaka viangalie pembeni, kushoto na kulia, sio juu na chini, halafu rudi ukutani uangalie kama mstari bado upo. Kama taa zako ni za zenoni waachie mafundi, pale zinapowaka kuna zaidi ya volti 20,000.

Siku ya safari yenyewe, ukishapakia. Ukijaza buti magunia, pua ya gari inanyanyuka na kazi yote ya ukutani inaharibika, ndio maana kile kinobu kikawepo, zungusha namba moja au mbili mpaka wenye magari wanaacha kukupigia fuli. Futa kioo cha mbele kwa ndani pia, ule ukungu wa mafuta ndio unaofanya taa za wengine zionekane kama jua. Mimi naweka balbu moja ya akiba kwenye dashibodi, kwenye kiboksi chake, imefungwa na soksi, na bisibisi ile ile ndefu chini ya siti.