Minyoo ndani ya samaki: tumbua mapema, usingoje pwani

Mteja wa soko la Deep Sea hapa Tanga akipasua chewa na kukuta nyuzi nyekundu zimejisokota ndani ya mayai, neno lake la kwanza ni "ameoza." Hajaoza. Huyo ni mnyoo wa jamii ya Filometra, anayefyonza damu ya samaki na kuharibu mayai yake. Mlaji hamdhuru. Toa mayai yenye minyoo, osha, uza nyama.

Vijipunje vyeupe kama mchele, kwenye minofu au ukuta wa tumbo, ni jambo jingine: ni watoto wa tegu wa papa na taa. Kwao chewa ni chombo cha kusafiria tu, na bandari ni tumbo la papa. Mtoto wa tegu hana haja ya kumuua chewa upesi, anamngoja aliwe. Chewa naye humzungushia kifuko, wakae hivyo hata muda mrefu. Anachukiza macho, lakini binadamu si bandari yake. Kata sehemu hiyo uitupe.

Wa kuogopwa ni anisakisi. Hukaa juu ya ini na utumbo wa vibua, jodari na hata ngisi, amejiviringa kama dawa ya mbu ya kuwasha, urefu wa sentimita 2 au 3. Safari yake inaishia kwa nyangumi na pomboo. Mtu akimla hai, humng'ang'ania ukuta wa tumbo, na ndani ya saa chache huja maumivu makali na kutapika.

Hapa ndipo kazi ya mvuvi ilipo. Samaki akishakufa na kuachwa na matumbo yake, baadhi ya minyoo huhama kutoka utumboni kuingia kwenye nyama ya tumbo. Kwa hiyo mtumbue humo humo chomboni, umtie barafu. Ukingoja mpaka pwani ya Sahare au Kigombe jua limepanda, mnyoo uliyekuwa umtupe pamoja na matumbo umeshamuuza pamoja na minofu.

Ndimu, siki na chumvi kidogo havimuui. Moto unamuua: nyuzi joto 60 hadi katikati ya nyama, kwa dakika moja angalau. Mchuzi wa nazi unaochemka vizuri unatosha kabisa. Anayeuzia hoteli zinazoandaa samaki mbichi amgandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri siku 7. Friza nyingi za nyumbani hazifiki huko. Ila wapo watu wenye mzio wa anisakisi, na hao huweza kuwashwa na kuvimba hata mnyoo akiwa ameshapikwa.

Wafugaji wa mwatiko, msitupe matumbo mabichi bwawani kama chakula, yapikeni kwanza. Nanyi mna adui asiyehitaji safari yoyote: minyoo bapa wa matamvua na ngozi. Hutaga, mayai huanguliwa bwawani, watoto hurudi kwa samaki wale wale, na bwawa likisongamana ni sherehe. Ukiona mwatiko wanajisugua au wanatweta penye mlango wa maji, wapunguze. Mwatiko huvumilia maji yasiyo na chumvi, minyoo wengi wa ngozi hawayawezi: waogeshe dakika 5 hadi 10 ukiwaangalia, wakilegea watoe. Mayai hubaki hai, kwa hiyo rudia baada ya siku chache, na nyavu zianikwe juani zikauke kabisa.