Kuvusha mradi wa maji wa kijiji kiangazi: kazi huanza Novemba

Pwani ya Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, kipindi kigumu ni kile kinachofuata vuli: Januari, Februari, mara nyingine hadi katikati ya Machi. Kaskazi inavuma, visima vifupi vinakauka, na waliokuwa wakichota huko wote wanahamia kwenye vilula (vituo vya kuchotea maji) vya mradi. Foleni inarefuka wakati huohuo kisima kirefu kinashuka. CBWSO, yaani chombo cha jamii kinachosimamia mradi wa maji, inayoanza kutangaza "tubane matumizi" Februari imeshachelewa.

Hatua ya 1: Pimeni kisima. Washeni pampu, iache ifanye kazi saa nzima kwanza, maana maji yaliyolala kisimani yanadanganya. Kisha kingeni ndoo ya lita 20 kwenye bomba linaloingia tangini, mara tatu, mchukue wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 8, mnapata lita 9,000 kwa saa, yaani 54,000 kwa saa 6 za kusukuma. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ilihesabu lita 25 kwa mtu kwa siku, hivyo watu 1,800 wanahitaji 45,000. Mko salama. Ndoo hiyo ikianza kujaa kwa sekunde 10, saa zilezile 6 zinatoa 43,200, na tayari mmepungukiwa.

Msikimbilie kuongeza saa za pampu. Karibu na bahari, kisima kikivutwa kupita kiasi maji ya chumvi hupanda, na kuyarudisha chini ni kazi ya muda mrefu. Wasikilizeni wanaofua: wakianza kulalamika kwamba sabuni haitoi povu kama zamani, punguzeni saa siku hiyohiyo na mwiteni fundi wa RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya aje kupima.

Hatua ya 2: Tafuteni uvujaji usiku. Hii ndiyo hatua inayookoa maji mengi kuliko mahubiri yote. Saa 4 usiku zimeni pampu, fungeni vilula vyote, pimeni kina cha tangi kwa fimbo yenye alama. Rudieni saa 10 alfajiri. Kwa tangi la duara lenye kipenyo cha mita 5, kila sentimita moja ni karibu lita 196. Likishuka sentimita 10, mmepoteza takriban lita 1,960 watu wakiwa wamelala.

Usiku unaofuata fungeni valvu ya tawi moja moja hadi mjue tawi gani linakula maji. Asubuhi tembeeni juu ya njia ya bomba. Majani mabichi mahali pakavu, au mbuzi kupenda kusimama sehemu moja, chimbeni hapo. Mara nyingi ni kiungo kilichofungwa kikiwa na mchanga ndani, au bomba lililofukiwa juujuu likapata jembe.

Koki nazo zisidharauliwe. Inayotona tone moja kwa sekunde hupoteza lita 4 na ushei kwa siku, si nyingi. Lakini inayotiririka kiasi cha kujaza kikombe cha robo lita kwa dakika hupoteza lita 360, ndoo 18. Kwa kawaida ni washa ya mpira tu imelika.

Hatua ya 3: Linganisheni mita. Kila mwisho wa mwezi jumlisheni mita za vilula na za majumbani, mlinganishe na mita kuu. Mita kuu uniti 1,200, nyingine zote 930: zimepotea 270, asilimia 22.5. Kama kipimo cha usiku kilikuwa kizuri, basi tatizo ni mita mbovu au maji yanayochotwa bila kuandikwa. Uniti moja ni ndoo 50. Mhudumu wa kilula akabidhi fedha kwa hesabu hiyo.

Hatua ya 4: Mgao, kama hauepukiki. Punguzeni saa za kila siku, msiruke siku. Mkitangaza "kesho hakuna", kila nyumba inajaza pipa la lita 200, na maji yakirudi yale ya jana yanamwagwa kwa kuwa yamelala. Tena bomba tupu hunyonya tope kupitia nyufa. Mkifungua, zungusheni valvu taratibu, robo kwa robo, hewa itoke; ikifunguliwa kwa pupa inapasua viungo na hewa inazungusha mita za watu bure.

Hatua ya 5: Semeni na watu kwa namba. Bandikeni kipimo cha tangi kila wiki kwenye kilula. Mkutano wa kijiji ukubaliane mapema, Desemba: kufyatua matofali kusubiri masika, bustani zimwagiliwe magharibi kwa kopo kwenye shina, maji ya kusuuzia nguo yaende kwenye migomba. Anayefyatua usiku atozwe faini iliyoandikwa, hata akiwa mjumbe. Hapo ndipo kamati nyingi huvunjika.

Mifereji ya paa iwe tayari kabla ya Machi. Mvua ya kwanza iacheni ioshe vumbi. Baada ya hapo, bati la mita za mraba 40 kwa mvua ya milimita 10 linakinga kama lita 320 ukiondoa zinazorukia nje.